Zipu Ikigoma: Mwongozo kwa Anayejinyima Chakula Ili Apungue

Majuma ya harusi yana mambo yake. Mchango umelipwa, kitambaa cha sare kimegawiwa, kilichobaki ni kwenda kwa fundi. Nilisimama katika kibanda chake cha mabati, wateja wanne wamekaa kwenye benchi, nikajaribu gauni la harusi ya mdogo wangu. Zipu ikapanda vizuri hadi usawa wa mbavu, ikagoma. Fundi, futi shingoni na pini mdomoni, hakuwa na ubaya wowote. Alisema kwa sauti ileile anayotajia bei ya uzi: "Dada, umejiachia. Una majuma matatu, punguza kidogo." Wifi yangu akacheka, akaongezea lake.

Nikapunguza. Kwa chai ya kukata mafuta na kwa kuruka milo, zipu ikapanda. Picha ninazo, na watu walizisifia. Ila harusi yenyewe siikumbuki sana. Mdogo wangu alilia wakati wa kuaga, nami ndiye niliyemshika mkono, lakini hayo nimesimuliwa. Ninachokumbuka ni sahani ya pilau ya mama mmoja aliyekaa mbele yangu. Ilikuwa na vipande vitatu vya nyama, kimoja kina mfupa.

Mwongozo huu ni kwa aliyeko pale nilipokuwa, na kwa anayeishi naye nyumba moja. Kukufundisha ujipende mbele ya kioo sitaweza. Sijui hata kama jambo hilo hufundishika. Nitakuonyesha la kufanya asubuhi, mchana na jioni, la kumjibu shangazi, na mlango wa kubisha mambo yakizidi.

Kwa nini neno dogo hukaa moyoni

Kwetu mwili wa mtu ni salamu. Hujafika hata ukumbini, mtu kashakutazama juu hadi chini: "Eh, umenenepa!" Bibi akisema hivyo, mara nyingi anakusifu. Kwake unene ni maisha kunyooka. Ndiyo maana mzazi akiwa ndani ya arobaini alipewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku mpaka mashavu yajae. Kisha ukaja UKIMWI, na katika miaka ya 1980 na 1990 mtu akikonda tu majirani walinong'ona. Uganda waliuita ugonjwa huo "silimu", kwa sababu ulikuwa unamkondesha mtu. Bibi aliyezika watu miaka ile hawezi kuona mashavu yako yamebonyea akanyamaza.

Neno hilohilo sasa linamfikia binti ambaye tangu asubuhi ametazama viuno vya nyigu kwenye simu. Kwa shangazi anaitwa ng'onda, chuoni anaitwa bonge, na fundi anamwambia apunguze tumbo ila nyonga zibaki. Amri hizo tatu haziwezi kutiiwa na mwili mmoja. Wapo wanaodhani shida hii ni ya Wazungu, sisi tuna yetu. Wasikie ya Fiji, visiwa ambako mwili mkubwa ulisifiwa kuliko hata kwetu. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Anne Becker, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Harvard, aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huohuo, akarudi mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.

Njaa inavyokula akili

Hili lielewe kabla hujagusa hatua yoyote, maana bila hilo utajilaumu bure.

Mwishoni mwa mwaka 1944, wanaume vijana 36 wenye afya njema waliingia katika jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya mtaalamu Ancel Keys. Walikuwa wamekataa kushika bunduki kwa ajili ya imani yao, wakajitolea kukaa na njaa ili madaktari wajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliodhoofishwa na vita. Kwa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Walipoteza kama robo ya uzito wao.

Hakuna aliyewaambia wamenenepa, wala hawakuwa na gauni la kuvaa. Hata hivyo walianza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Walilamba sahani, waliota chakula, waligombana kwa vitu vya kipuuzi, walijitenga, hamu ya mapenzi ikawaisha. Baadhi yao walianza kuona kwamba watu wa kawaida mtaani ndio waliozidi unene. Na waliporuhusiwa kula tena, wapo waliokula hadi tumbo likauma, bado wakasema wana njaa.

Basi ukijikuta saa sita usiku jikoni unakomba ukoko gizani, kisha unalala ukilia kwamba huna nidhamu, kumbuka hao vijana. Kinachokusukuma jikoni ni njaa uliyoilimbikiza mchana kutwa. Vipande vitatu vya nyama nilivyovihesabu mimi ni kazi yake hiyohiyo. Ukimshauri mtu wa namna hii "ajiamini" huku tumbo lake ni tupu, unamshauri mgonjwa wa malaria aache kutetemeka.

Hatua za majuma mawili ya kwanza

1. Rudisha milo. Hii ndiyo hatua kubwa. Nyingine zote zinaiegemea. Kula kwa saa, usingoje hamu, kwa sababu kengele yako ya njaa na shibe imeharibika na itachukua muda kurudi. Usikae zaidi ya saa nne bila kitu ukiwa macho. Ratiba ya kawaida kabisa: saa moja asubuhi chai ya maziwa na chapati na yai, au uji na kiazi kitamu, saa nne ndizi au karanga, saa saba wali, maharage na mchicha, saa kumi tunda au andazi, saa mbili usiku ugali na samaki. Utaona nimetaja ugali, wali na chapati. Usiviondoe. Mtu akishaanza kugawa chakula chetu kuwa "kizuri" na "cha dhambi", ndipo anapoishia kukitamani usiku. Na kama usiku jana ulifakamia, leo asubuhi kunywa chai yako kama kawaida. Kuruka chai ili "kufidia" ndiko kunakoleta usiku mwingine wa namna ile.

Siku za kwanza tumbo litajaa gesi na utahisi kushiba upesi. Wengi huacha hapo, wakidhani wamenenepa kwa siku tatu. Ni utumbo unaojifunza kazi upya.

ONYO: Kama kwa siku tano au zaidi hujala karibu chochote, au umekonda sana kwa muda mfupi, usianze mwenyewe nyumbani na sinia la pilau. Mwili uliokaa na njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya damu hushuka kwa kasi na moyo unaweza kusimama. Anza hospitali, wakupime damu na wakupangie.

2. Iondoe mizani. Mpe jirani, ifungie kabatini, na pale stendi wapite wale vijana wanaokuita upime. Uzito hupanda na kushuka kwa kilo moja au zaidi ndani ya siku moja kwa sababu ya maji, chumvi, choo na hedhi. Anayejipima kila asubuhi anapima maji, kisha anayapa maji hayo ruhusa ya kumharibia siku.

3. Nguo isiyokuingia itoke mbele ya macho yako. Kwa fundi, sema hivi kabla hajakata kitambaa: "Acha vidole viwili ndani ya mshono." Fundi mzuri hataudhika. Nguo hupanuliwa kwa nusu saa.

4. Safisha simu. Keti mara moja, nusu saa, pitia akaunti unazofuata. Kila inayokuacha ukishika tumbo lako, iache. Video za "nilikata kilo kadhaa kwa siku saba" zibonyeze na uchague kwamba hupendezwi nazo. Programu hizi hukuletea unachokitazama sana, hata kama unakitazama kwa machungu. Wenyewe wanajua. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alivujisha nyaraka za ndani, mojawapo ikionyesha kwamba kati ya wasichana wa rika la balehe waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia.

5. Tafuta mtu mmoja wa kula naye angalau mlo mmoja kwa siku. Mmoja anatosha. Sinia la watu wengi ni mahali pazuri pa kujificha: unatia mkono, unazungumza, unacheka, hakuna anayeona kwamba hujameza.

6. Mazoezi yanayofanywa kulipia chakula, yasimamishe kwanza. Kutembea na rafiki jioni hakuna ubaya, ila kama unasikia kizunguzungu pumzika.

Majibu ya kuweka mfukoni

Heshima yetu haimruhusu mtu kumwambia mkubwa "haikuhusu". Lakini ipo nafasi kubwa kati ya kutukana na kunyamaza, na anayejiandaa nyumbani hababaiki ukumbini.

Bibi au mama mkubwa: "Shikamoo bibi. Haya ndiyo mapishi yako. Miguu inaendeleaje?" Usimweleze zaidi. Amekusalimu, msalimie.

Wifi au rafiki wa utani: "Wifi, mwili wangu tuuache leo. Watoto hawajambo?" Sema ukitabasamu, mara ya pili bila kutabasamu.

Mama mzazi: huyu usimjibu mbele ya watu. Mfuate jikoni mkiwa wawili. "Mama, ukinitaja mwili mbele ya wageni, siku hiyo chakula hakipiti. Naomba tusiuzungumzie kabisa, hata kwa kunisifu." Akina mama wengi hawakujua. Wengine watarudia, na wewe rudia.

Mume au mchumba: mwambie anachoweza kufanya, maana wanaume wengi hukimbilia kutoa suluhisho. "Sihitaji uniambie nimependeza. Nahitaji ule nami usiku, simu ikiwa pembeni."

Mwenzako kazini: "Hayo siyazungumzii. Ile hesabu umeimaliza?"

Kosa la kawaida hapa ni kurudisha jiwe. Niliwahi kumjibu mjomba wangu kuhusu kitambi chake, na kwa dakika moja hivi nilijisikia vizuri sana. Kikao cha familia kiliitwa Jumapili.

KISANDUKU: Chai, vidonge na sindano

Chai nyingi za "kukata mafuta" zina sanamaki, ile ile ambayo bibi alimpa mtu aliyefunga choo. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimekwisha kufyonzwa juu huko. Unachopoteza ni maji na madini, pamoja na potasiamu inayoongoza mapigo ya moyo. Ukinywa glasi mbili za maji, uzito unarudi.

Vidonge vya kupunguza mwili visivyosajiliwa ni hatari zaidi. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwa moyo na mishipa, lakini imeendelea kukutwa imechanganywa kimyakimya katika bidhaa zinazouzwa kama za mitishamba.

Sindano za semaglutaidi, kama Ozempic, ni dawa halali ya kisukari, na daktari anaweza kumwandikia hata mtu mwenye unene unaohatarisha afya yake. Kuinunua kwa mtu wa mtandaoni ni jambo jingine. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia.

Kabla hujatoa pesa, uliza: imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yangu? Nani ameniandikia? Nikizidiwa usiku, muuzaji huyu anapatikana wapi?

Na kama daktari kweli amekuambia upunguze kwa ajili ya presha au sukari, msikilize, kisha mwambie pia historia yako ya kujinyima. Ushauri wa namna hiyo huja na vipimo na miadi ya kurudi. Hauji na kicheko.

KISANDUKU: Tia alama

□ Hedhi haijaonekana miezi mitatu na huna mimba
□ Unasikia baridi wakati wenzako wanajipepea
□ Nywele zinakatika, usingizi umepotea, hasira ziko karibu
□ Unafakamia kwa siri, kisha unajiadhibu
□ Unakwepa harusi, futari na hata misiba kwa sababu patakuwa na chakula
□ Unajitapisha, au unatumia dawa za kuharisha
□ Unatoa chakula mdomoni au kukificha mnapokula pamoja

Ukitia alama popote, panga kumwona mhudumu wa afya juma hili.

Yafuatayo hayangoji juma: kuzimia, moyo kuruka mapigo, kifua kuuma, kutapika damu, au mawazo ya kutaka kufa. Nenda leo, na usiende peke yako. Mwenzako akikutamkia la mwisho, usimwache hata kwa dakika ya kwenda kununua vocha.

Anayejitapisha asipige mswaki papo hapo. Asidi ya tumbo imelainisha meno, na mswaki unayakwangua. Sukutua kwa maji, ngoja kama nusu saa.

Kama mgonjwa ni mwanao, mdogo wako au mwenza wako

Usimtafute kwa macho tu. Wengi wanaougua hivi hawajakonda; wengine ni wanene, na wao ndio wanaosifiwa "hongera, umepungua" wakati wanatapika kila usiku. Wavulana nao wamo, ingawa wao hujificha nyuma ya jimu na kifua cha misuli.

Ukitaka kuzungumza naye:

1. Chagua saa isiyo ya chakula. Mkitembea, mkifua, mkichambua mchele, yaani pale ambapo hamlazimiki kutazamana usoni.

2. Taja ulichoona, bila kutaja mwili. "Nimeona siku nne hujala nasi usiku, na jana ulikaa bafuni muda mrefu." Usiseme "umekonda". Kwake hiyo ni sifa.

3. Nyamaza. Akikataa, mwambie utauliza tena, halafu kweli uulize tena.

4. Jitolee kwenda naye. Nauli na foleni ndizo zinazowashinda wengi, kuliko hata aibu.

Makosa tunayoyafanya kwa upendo: kumjazia sahani na kumsimamia, kumwambia "wenzio hawana chakula", kumsifu "sasa umenawiri" akianza kupona, neno ambalo laweza kumrudisha nyuma miezi, kumpeleka kwenye maombi au kwa shehe tu. Dua ni njema, iende pamoja na daktari. Kama yuko shule ya bweni, zungumza na matroni kwa faragha, asitangaziwe mstarini.

Ramadhani na Kwaresima zinahitaji neno la peke yake. Mfungo ni mahali rahisi pa kujificha, kwa kuwa hakuna atakayemuuliza mfungaji kwa nini hali. Uislamu umempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ugonjwa huu ni ugonjwa. Mzungumze na imamu mnayemwamini pamoja na daktari, kabla mwezi haujaandama. Mkristo anaweza kufunga kitu kingine, simu kwa mfano.

Mlango wa kubisha

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Huko wanaweza kupima presha, mapigo ya moyo, damu na potasiamu, kisha wakakupa rufaa. Omba kuonana na mhudumu wa afya ya akili na mtaalamu wa lishe. Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini husaidia palipo na ugumu wa malipo. Tanzania huduma za juu zaidi ziko Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe, Dodoma. Nairobi kuna Mathari. Majina hayo mawili ya mwisho hutisha watu kwa sababu ya utani wa mtaani, na utani huo umechelewesha wagonjwa wengi. Mtoto anayetaka kuzungumza na mtu asiye wa nyumbani anaweza kupiga 116 bure, Tanzania, Kenya na Uganda.

Beba: kadi ya kliniki au bima, majina ya chai na vidonge ulivyotumia (beba pakiti zenyewe), tarehe ya hedhi ya mwisho, na karatasi uliyoandika ulichokula siku tatu zilizopita bila kudanganya.

Jiandae na swali la kwanza. Daktari ana foleni ndefu mlangoni na atauliza, "Unasumbuliwa na nini?" Wengi wetu hujibu, "Sina hamu ya kula." Ukijibu hivyo utapimwa malaria, utaandikiwa vidonge vya kuongeza hamu, na utarudi nyumbani na tatizo lako zima. Liseme lilivyo, hata kama sauti inatetemeka: "Daktari, hamu ninayo. Naogopa kula."